Kitanda Kilichopandia Roshani Kisenyi

Kabla hamjafunga kamba ya kwanza, wanangu, nendeni msalani. Najua mlitegemea nianze na jambo lenye heshima zaidi, lakini hili ndilo nililofundishwa siku ya kwanza nilipoajiriwa kuendesha gari la kupeleka vifaa vya wagonjwa, na hadi leo sijapata la kulizidi. Ukibanwa na haja kwenye foleni ya Nateete, mguu wako utakanyaga mafuta kabla akili haijaruhusu, na nyuma yako umebeba mtungi wa oksijeni ambao mtu anausubiri kwa pumzi. Mwenye haraka zake binafsi asishike usukani.

Mimi ni Zamu, mjukuu wa watu waliokuja Kampala kufanya biashara kutoka pwani, wakapapenda, wakasahau kurudi. Nyumbani kwetu Nateete tulizungumza Kiswahili mezani na Kiganda dirishani. Sasa nimestaafu. Nakaa barazani nikiwatazama ninyi mnaopita na pikipiki, kabati limefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli, simu imebanwa ndani ya helmeti, na kila mkikata kona mguu wangu unakanyaga breki ambayo haipo. Daktari anasema ni shinikizo la damu. Mimi nasema ni ninyi.

Kampuni yetu ilikuwa inakodisha vitanda vya hospitali, viti vya magurudumu, mashine za kusaidia kupumua na vitu vya namna hiyo kwa watu wanaouguza nyumbani. Simu ilipokewa ofisini na Nalongo, mama wa mapacha, mwenye sauti inayopenya kuta. Gari niliendesha mimi. Na mpakiaji alikuwa Mzee Marjani, Mnubi, mtoto wa askari na mjukuu wa askari, aliyekuwa dereva wa malori hadi macho yakaanza kumchezea. Aliacha usukani kwa hiari yake mwenyewe. Kuamrisha hakuacha.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: kifupi, hakina tafadhali. Siku yangu ya kwanza nilifunga kitanda kwa kamba nyingi mpaka kikafanana na mtoto aliyevalishwa masweta yote ya nyumbani. Mzee akazunguka gari, mikono nyuma.

"Binti, hii ni mzigo au ni zawadi?"

"Nimekifunga, Mzee. Hakitoki."

"Tikisa."

Nikakitikisa. Kitanda kikacheza peke yake ndani ya kamba zote zile, gari limetulia kimya.

"Umeona? Kamba zako ni mapambo." Akazitoa zote, akapitisha mikanda michache kwenye mifupa ya kitanda, chini, pale penye chuma kinene, akakaza. "Tikisa tena."

Safari hii nilipokisukuma kitanda, gari zima likayumba pamoja nacho.

"Sasa twende. Mzigo ukitikisika peke yake, bado uko dukani. Ukitikisa gari, umekuwa gari."

Hilo mlikamate. Mna mikanda ya kisasa yenye meno ya kukazia, mizuri sana, lakini nawaona mnaikaza kwa mbwembwe halafu mnaondoka bila kutikisa. Na mtungi wa oksijeni usiulaze ukazunguka-zunguka kama gunia la viazi. Usimamishe, uubane ukutani mwa gari, kofia yake iwe kichwani, na mikono yenye grisi isiuguse mdomo wake. Mzee Marjani alipenda sigara kuliko chakula cha mchana, lakini siku ya mitungi alimkabidhi Nalongo paketi yake asubuhi, na sote tulivumilia hasira zake hadi jioni.

Godoro nalo msilidharau kwa sababu ni jepesi. Mwenzetu mmoja wa gari la pili aliwahi kuliweka godoro juu ya mzigo bila kulifunga, akisema litakaa kwa adabu. Lilikaa kwa adabu mpaka mteremko wa kwanza. Upepo ukaliinua taratibu, likapaa, likatua kwenye steji ya boda, juu ya mwendesha boda aliyekuwa amesinzia kwenye pikipiki yake. Alipotoka chini yake wenzake walikuwa wanamshangilia, na ilichukua maneno mengi kuwashawishi kwamba lile halikuwa jibu la dua zake.

Lakini niliyokaa hapa kuwaandikia hasa ni habari ya kitanda cha Kisenyi.

Ilianza na Nalongo kupiga kelele kutoka ofisini. Nalongo ni Mganda wa asili, na ulimi wake ulikuwa na desturi ya kuzibadilisha r na l bila kuomba ruhusa.

"Zamu! Kuna mgonjwa Kisenyi, harari! Harari kabisa!"

Mzee Marjani, aliyekuwa anapangusa kitanda, akainua kichwa. "Kama huyo ni halali, wa haramu tutampelekea kesho."

"Mzee, siyo hivyo! Harari! Hapati usingizi! Amevunjika nyonga, hospitali wanamtoa leo, na familia wanataka kitanda ya kupanda na kushuka. Binti yake ndiye amepiga."

Nikachukua simu mimi. Binti aliitwa Mariamu, ana sauti ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi. Baba yake, Mzee Swalehe, alikuwa muuza vipuri vya malori Kisenyi, na alianguka kutoka kwenye kiti akibadilisha balbu baada ya kuambiwa na watu wote wa nyumba asiibadilishe. Mariamu alitaka kumhamishia kwake Ntinda, nyumba ya chini, isiyo na ngazi. Mzee alikataa katakata. Mkewe, Bi Rukia, alikuwa anasomesha watoto Kurani kwenye chumba cha chini cha nyumba ile ile, hawezi kuwaacha, na Mzee naye hawezi kumwacha Bi Rukia.

"Mama kasema kama kitanda kitafika juu, abaki," akasema Mariamu. "Kikishindikana, nampeleka Ntinda leo leo hata akinilaani. Nimewaahidi madaktari."

"Ngazi zenu zikoje, mwanangu?"

"Pana. Pana sana. Tulikuwa tunacheza pale, watoto kibao, tunapishana tukikimbia."

Nikaandika: ngazi pana. Tukapakia kitanda kizito kuliko vyote, kile cha chuma cha kuzungusha kwa mkono, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwepo siku hiyo. Ncha zake za mbele na nyuma zilitoka, lakini fremu yenyewe haikukunjika wala kugawanyika.

Kisenyi mnaijua. Ukipita na gari unapishana na magunia ya sukari, injini imelala barabarani na tumbo wazi, mtu anauza sambusa katikati ya matairi. Nyumba ya Mzee Swalehe ilikuwa ya zamani, ghorofa moja, yenye roshani inayotazama gereji ya Wasomali ng'ambo ya barabara. Mbele yake limesimama gari dogo la kubebea wagonjwa, mlango wa nyuma wazi, na ndani amelala mzee mwembamba, kanzu safi, kofia kichwani, anatoa maagizo kwa dereva juu ya namna ya kuegesha.

"Mmechelewa," akatuambia.

Mzee Marjani alienda moja kwa moja kwenye ngazi na uzi wake. Alikuwa na uzi wa katani mfukoni, ambao aliupima na kitanda kabla hatujaondoka popote. Akapanda hadi kwenye kona, akaunyoosha ukuta kwa ukuta. Uzi ukabaki mrefu. Akajaribu kuuinamisha huku, akauinamisha kule. Akashuka.

"Nani alisema ngazi ni pana?"

Mariamu akaja, akasimama kwenye ngazi, akanyoosha mikono. Mikono yote miwili ikagusa ukuta, tena viwiko vimekunjwa. Akatazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Zilikuwa pana," akasema polepole. "Wallahi zilikuwa pana."

Aliondoka pale akiwa msichana mdogo, wanangu. Ngazi hazikupungua. Tangu siku hiyo, nilipotaka kujua upana wa mlango au ngazi, sikumwuliza tena aliyekulia kwenye nyumba. Nilimwuliza aliyeingiza kabati.

Mzee Swalehe alisikia yote kutoka kwenye gari. Maagizo yakakoma. Alimtazama mkewe, Bi Rukia, aliyekuwa amesimama mlangoni pa darasa lake na watoto wamejaza mlango nyuma yake, na mimi niliyekuwa karibu nikaona kidevu chake kinatetemeka. Mariamu akainama kwake.

"Baba, tulikubaliana."

"Nimesikia."

"Ntinda siyo mbali."

"Nimesikia, Mariamu. Usinisomee ramani."

Akageuza uso ukutani mwa gari. Bi Rukia aliwarudisha watoto ndani, na tukasikia sauti yake ikianza kuwasomesha, ikikatika, ikaanza tena palepale ilipokatika.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kulegeza moyo na kukaza mikanda ya kurudi. Mzee Marjani alikuwa anatazama juu. Aliitazama roshani, akatazama boriti ya zege iliyotokeza juu yake, akatazama nyaya za umeme zilizopita pembeni, akavuka barabara bila kutazama magari. Gereji ile ilikuwa ya Fundi Abdi, Msomali mnene mwenye aproni iliyokuwa na rangi kabla sijazaliwa.

"Winchi yako ya mnyororo inanyanyua nini?" Mzee akamwuliza.

"Injini ya lori."

"Inaweza kitanda?"

Fundi Abdi akavuka naye, akamwona Mzee Swalehe ndani ya gari, akajishika kifua. "Huyu ndiye aliniuzia gasketi yangu ya kwanza! Mbovu, lakini aliniuzia." Akageuka kwa mafundi wake. "Leteni winchi!"

Basi hapo Kisenyi ikaacha kazi. Mafundi walipanda juu kupitia ngazi zile zile nyembamba, wakaizungushia boriti mnyororo. Mzee Marjani akapanda kuikagua mwenyewe, akaning'inia kwenye mnyororo kwa uzito wake wote, miguu hewani, mpaka Bi Rukia akapiga kelele kutoka chini kwamba mgonjwa mmoja anatosha. Mafundi walitaka kufunga kamba ya pili kwenye vyuma vya roshani. Mzee akavipiga teke dogo, vikalia kama masufuria. "Hizo ni za kuanikia nguo," akasema. Kamba ya kuongozea akanipa mimi, nisimame mbali, upande usio na nyaya, kazi yangu ikiwa kukizuia kitanda kisizunguke kikaenda kuusalimia umeme. Chini ya kitanda hakuruhusiwa mtu. Mwuza sambusa aliondoka akinung'unika, mafuta yake yakiwa bado yanachemka.

Kitanda kikainuka. Kikapita usawa wa mlango, mnyororo unalia kri, kri, kri. Hapo ndipo Mzee Swalehe alipofufuka.

"Vuta!" akapiga kelele kutoka kwenye gari. "Vuta kulia! Ninyi, vuteni kulia!"

Na kwa kuwa alikuwa amewafokea mafundi wa mtaa ule kwa maisha yao yote, wakamtii. Wakavuta. Kitanda kikajizungusha hewani, mguu wake mmoja ukaelekea kwenye nyaya, na kamba ikaanza kuteleza mikononi mwangu huku inanichoma. Nilijitupa nyuma nikakaa chini vumbini na kamba nimeizungushia kiunoni. Sikuwa na fikra yoyote kubwa. Nilikuwa nawaza tu kwamba nimevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, tena jipya.

"SIMAMA!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Marjani kutoka roshani. Mafundi waliganda. Boda waliganda. Naapa, hata mtu aliyekuwa anapita na mkokoteni mtaa wa pili alisimama. Kitanda kikatulia kidogo kidogo, mguu wake ukiwa umebakiza nafasi ndogo kuliko nilivyopenda.

Mzee akashuka. Nilidhani kutakuwa na vita. Alienda hadi kwenye gari, akachuchumaa, wazee wawili wakatazamana.

"Mzee mwenzangu. Kwenye kazi hii kuna sauti moja."

"Basi iwe yangu. Nyumba ni yangu."

"Kitanda ni changu."

Kisha Mzee Marjani akatoa kwenye mfuko wa koti mkono wa chuma, ule wa kuzungushia kitanda.

"Wewe una kazi nyingine. Unaona hiki? Bila hiki, kitanda hakipandi, hakishuki, ni benchi. Nimebeba vitanda vingi, na kitu kinachopotea siku zote ni hiki. Hapa nje pana watu wengi, siwaamini. Utanishikia?"

Mzee Swalehe akakipokea kwa mikono miwili. Akakikumbatia kifuani, macho yanazunguka kumtafuta mwizi. Hakutoa amri nyingine hata moja. Fundi Abdi alipomsogelea kumpa pole, alimwambia arudi nyuma.

Kitanda kikapanda. Kikafika roshani, mafundi wakakishika, wakakiingiza kupitia mlango mpana wa chumba cha kulala, ambao nao ulipitisha kitanda kwa kuukwaruza tu kidogo. Kitanda chao cha zamani cha mvule, kipana kama uwanja, kikasukumwa ukutani. Tukafunga vipande, tukafunga breki za magurudumu, Mzee Marjani akakitikisa kila upande na kukilalia mwenyewe na viatu amevishika mkononi. Kisha mafundi wakamleta Mzee Swalehe kwa machela, amesimamishwa nusu kwenye kona ya ngazi, anazisoma dua zote anazozijua, mkono wa chuma bado kifuani. Hakumkabidhi mtu. Aliuchomeka kwenye kitanda yeye mwenyewe, kabla hajakubali kulazwa.

Mariamu alikaa kwenye ngazi akalia, halafu akacheka, halafu akala sambusa nyingi sana. Mwuzaji alikuwa amerudi.

Sasa niwaambie jambo ambalo ninyi mnaopeleka viti vya harusi hamlijui. Katika kazi yetu, kupeleka kulikuwa rahisi. Kigumu kilikuwa kuchukua. Mteja akipiga simu kwamba mje mchukue kitanda, maana yake ni moja kati ya mbili: mgonjwa amepona, au mgonjwa ameondoka duniani. Na mpokeaji simu hawezi kuuliza. Mzee Marjani alinikanya mapema: ukifika usiseme hongera, usiseme pole, usiulize mgonjwa yuko wapi. Sema, "Tumefika," vua viatu, ngoja. Wenyewe watakwambia.

Hazikupita wiki nyingi Nalongo akaja mwenyewe mpaka kwenye gari, bila kupiga kelele. Nikajua kuna jambo.

"Kisenyi," akasema. "Mama mwenyewe amepiga. Amesema mje muchukue kitanda. Bambi, maskini, sikuuliza."

Njia nzima Mzee Marjani alishika sigara bila kuiwasha. Mimi nilikuwa nikiona kile kidevu cha Mzee Swalehe kinachotetemeka, na namna alivyokumbatia kile chuma. Tulipofika, darasa lilikuwa kimya, limefungwa. Gereji ng'ambo ilikuwa inafanya kazi kama kawaida, lakini Fundi Abdi hakuonekana. Tukapanda ngazi taratibu. Mlango ulikuwa wazi.

"Tumefika," akasema Mzee Marjani, na sauti yake ya kambini ilikuwa imebaki garini.

"Karibuni, piteni ndani," akajibu Bi Rukia kutoka chumbani.

Tukavua viatu. Tukaingia tumeinamisha vichwa. Kitanda chetu kilikuwa dirishani, kimetandikwa vizuri, kitupu.

"Mmechelewa," ikasema sauti nyuma ya mlango.

Mzee Swalehe alikuwa amekaa kwenye kile kitanda cha mvule, ameegemea mito, kikombe cha chai mkononi. Miguu ya kitanda ilikuwa imeinuliwa juu ya vipande vya mbao, na ubavuni Fundi Abdi, ambaye alikuwa amepiga magoti pale na drili yake, alikuwa anamalizia kufunga bomba la chuma la kushikia wakati wa kuinuka. Muuguzi aliyekuja kumtazama alikuwa ameridhia alale hapo, ilimradi asiguse balbu.

Mzee Marjani alikaa chini sakafuni, pale pale, bila kukaribishwa. Akapangusa uso kwa kofia yake.

"Kwa hiyo umepona?"

"Nipone wapi? Bado natembea kama meza."

"Basi kwa nini mnakirudisha? Kimeharibika?"

"Kitanda chenu ni kizuri," akasema Mzee Swalehe. "Kinapanda, kinashuka, kinakunja magoti. Mwulizeni mama huyu, yeye ndiye aliyepiga simu."

Bi Rukia alikuwa anamimina chai yetu. Hakugeuka.

"Mwanamume huyu anakoroma," akasema. "Tangu tuoane anakoroma. Nampiga kiwiko, ananyamaza, nalala. Mmemweka dirishani, mimi mmeniacha ukutani, usiku kucha namsikia, kiwiko changu hakimfikii." Akaweka birika chini. "Na akinyamaza mwenyewe ndiyo mbaya zaidi. Nainuka kwenda kumgusa nione kama yupo."

Fundi Abdi alianza ghafla kutafuta parafujo ambayo haikuwa imepotea.

Tulikishusha kitanda kwa njia ile ile ya roshani. Nilipofika ofisini nikamwambia Nalongo: mteja akipiga simu, baada ya kumwuliza ngazi, mlango na umeme, mwulize na jambo moja zaidi, mgonjwa analala na nani. Nalongo akashika mdomo, akasema Zamu, hayo siyo maswali ya kumwuliza mtu mwenye heshima zake. Nikamwambia aulize hivyo hivyo. Na ninyi ulizeni.